Isaac Newton, Kijana wa Shamba Aliyerudishwa Shuleni

Jina la Isaac Newton lajulikana na watu wengi waliopata kusoma shule, kwa maana ndiye aliyeeleza jinsi dunia ivutavyo vitu, na jinsi mwezi na nyota zizungukazo jua zinavyoshikwa katika njia zao. Lakini si wengi wajuao ya kwamba alipokuwa na umri wa miaka 17 alikuwa amekwisha kutolewa shuleni ili achunge kondoo, na ya kwamba watu wawili wasingalimwendea mama yake na kusema naye, labda dunia isingalilisikia jina lake hata leo. Habari hiyo twataka kuwaeleza wasomaji wetu, na pamoja nayo habari za shule yenyewe, kwa kuwa maisha ya mtu huyu na shule ile hayatengani.

Katika jimbo la Lincolnshire, upande wa mashariki wa Uingereza, pana mji uitwao Grantham. Tangu zamani ulikuwa mji wa soko, ambapo watu wa vijiji vya kando walileta nafaka, sufu na wanyama wao kuviuza, kisha wakanunua mahitaji yao na kurudi kwao. Kanisa lake kubwa, la Mtakatifu Wulfram, lina mnara mrefu sana, kiasi cha mita 86, hata msafiri auona tangu mbali. Karibu na kanisa hilo ndipo ilipojengwa shule.

Shule ya Grantham ni ya kale sana. Yatajwa katika maandiko tangu mwaka wa 1329. Lakini aliyeitia nguvu alikuwa Richard Foxe, mtu aliyezaliwa katika kijiji cha Ropsley, si mbali na Grantham. Huyu alipanda cheo hata akawa Askofu wa Winchester na mshauri wa wafalme, akajenga chuo katika mji wa Oxford mwaka wa 1517. Walakini katika utukufu wake hakuwasahau watoto wa kwao. Akaiweka shule ya Grantham juu ya msingi mpya, akaijengea nyumba ya mawe, ambayo yasimama hata leo. Mwaka wa 1528 akafa. Baadaye, mwaka wa 1553, Mfalme Edward wa Sita alitoa hati ya kuipa shule mali ya mashamba na nyumba ambazo zamani ziliwekwa wakfu kwa ajili ya kuwaombea wafu, ili kodi yake imlipe mwalimu. Kwa sababu hiyo shule ikachukua jina la mfalme.

Yafaa tueleze wanafunzi wa shule hiyo walikuwa nani. Wana wa watu wa mjini walifundishwa pasipo kulipa ada, wawe wana wa wafanya biashara au wana wa mafundi, kwa maana ndiyo iliyokuwa nia ya shule za namna hiyo. Wana wa vijijini nao walipokewa, ila hao walitozwa ada ya shilingi 40, tena wakatafutiwa nyumba za kukaa mjini. Wasichana hawakupokewa. Masomo yaliyokuwa ya kwanza yalikuwa Kilatini, kisha Kiyunani kidogo, pamoja na Maandiko Matakatifu. Mtoto asiyejua Kilatini hakuweza kwenda mbele, kwa maana vitabu vyote vya elimu kubwa vilikuwa katika lugha hiyo.

Sasa tuje kwa mtoto wetu. Maili 7 kusini ya Grantham pana kitongoji kiitwacho Woolsthorpe. Huko alizaliwa Isaac Newton siku ya Krismasi mwaka wa 1642, kwa hesabu ya kalenda waliyoitumia Waingereza siku zile. Baba yake, ambaye naye aliitwa Isaac, alikuwa amekufa miezi mitatu kabla yake. Alikuwa mkulima mwenye mashamba na kondoo wengi, lakini hakujua kuandika hata jina lake. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno na dhaifu, hata wanawake waliomtazama hawakudhani ya kuwa atauona usiku.

Alipokuwa na miaka 3, mama yake, Hannah, aliolewa tena na mchungaji mzee wa usharika wa jirani, jina lake Barnabas Smith. Mchungaji huyo hakumtaka mtoto nyumbani kwake. Basi mama akaenda kwa mumewe, na mtoto akaachwa Woolsthorpe kwa bibi yake mzaa mama. Nyumba ya mama haikuwa mbali, lakini haikuwa nyumba yake. Jambo hilo likamwingia moyoni kama mwiba. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1662, alipokuwa kijana wa chuo, aliandika kwa siri orodha ya dhambi zake, na mojawapo alilokiri ni kwamba aliwahi kuwatishia baba wa kambo na mama yake mwenyewe kuwateketeza kwa moto pamoja na nyumba yao. Sisi tulio wachungaji na walimu twafanya vema kulikumbuka neno hilo tunapomwona mtoto mkimya asiyecheza na wenzake.

Mwaka wa 1653 Barnabas Smith akafa, na mama akarudi Woolsthorpe pamoja na watoto watatu wadogo aliowazaa kwake. Isaac akakaa na mama yake kitambo kidogo tu, kisha alipotimia miaka 12 akapelekwa shuleni Grantham. Kwa kuwa maili 7 hazitembeki kila siku kwenda na kurudi, alikaa katika nyumba ya Bwana Clarke, muuza dawa. Hapo alitazama dawa zikisagwa na kuchanganywa, tena akaona vitabu, na vyote viwili vikampendeza.

Shuleni hakuwa mwanafunzi mwema mara ya kwanza. Aliwekwa karibu na mwisho, wala hakuona haya. Ikawa siku moja, walipokuwa wakienda shuleni, kijana mmoja aliyekuwa juu yake katika darasa akampiga teke la tumbo. Masomo yalipokwisha, Isaac akamwita wapigane katika uwanja wa kanisa. Ijapokuwa mwenziwe alikuwa na nguvu kuliko yeye, Isaac akamshinda, akamshika masikio akamsugua pua katika ukuta wa kanisa. Hatuusifu ugomvi huo. Ila tulipendalo ni lililofuata: Isaac aliona ya kuwa kumshinda mtu kwa ngumi huku akibaki nyuma yake katika masomo si kushinda. Akaanza kujifunza kwa bidii, akampita kijana yule, akaendelea hata akawa wa kwanza wa shule.

Wakati wenzake walipocheza, yeye alikuwa na misumeno midogo, nyundo na vipande vya mbao. Kinu cha upepo kilikuwa kikijengwa karibu na mji. Akaenda kukitazama siku kwa siku mpaka akakifahamu, kisha akatengeneza kidogo cha namna ile ile, akamtia panya ndani yake ili akizungushe upepo usipovuma. Akatengeneza saa ya maji, na taa za karatasi za kumwangazia njia ya shuleni asubuhi za giza. Husimuliwa kwamba usiku alizifunga taa hizo katika mkia wa tiara na kuzirusha juu, na watu wa vijijini wakaogopa wakidhani ni nyota ya mkia. Tena alipiga vigingi ukutani akatia alama za kivuli cha jua, na majirani wakawa wakija kuijua saa kwa alama hizo. Mambo hayo yalikusanywa baadaye na Daktari William Stukeley, rafiki yake, aliyekaa Grantham akawauliza wazee waliomkumbuka.

Alipokaribia miaka 17 mama yake akamwita nyumbani. Tusimlaumu upesi. Alikuwa mjane mara ya pili, ana shamba kubwa, na huyu ndiye mwanawe wa kwanza na mrithi. Mumewe wa kwanza hakujua kusoma, wala shamba halikuharibika kwa hiyo. Kwake yeye, kijana aliyejua Kilatini cha kutosha alikuwa amesoma kupita haja. Basi akampa mtumishi wa zamani, mtu mwaminifu, amfundishe kazi ya shamba.

Lakini kazi haikumkubali. Alipotumwa kuchunga kondoo, alikaa chini ya mti na kitabu, au alichonga mbao, na kondoo wakaingia katika mashamba ya watu. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1659 alitozwa faini katika baraza ya kijiji, kwa kuwa kondoo wake walifanya uharibifu, nguruwe wake waliingia katika nafaka, na ua wake ulikuwa umebomoka. Alipopelekwa sokoni Grantham pamoja na mtumishi, alimwachia mtumishi kuuza na kununua, naye akakimbilia chumba cha juu katika nyumba ya Bwana Clarke, penye vitabu, akasoma mpaka wakati wa kurudi. Tena husimuliwa kwamba siku moja alikuwa akimwongoza farasi kupanda mlima kwa miguu, akazama katika mawazo, na farasi akajichopoa akaenda zake. Isaac akafika akiwa na hatamu mkononi pasipo farasi. Watumishi wa nyumbani wakamwona kuwa mvivu na mpumbavu.

Ndipo waliposimama watu wawili. Wa kwanza alikuwa mjomba wake, William Ayscough, mchungaji katika usharika wa karibu, aliyekuwa amesoma Cambridge. Yeye aliona ya kuwa kijana si mvivu, bali amewekwa mahali pasipo pake. Akamsihi dada yake amrudishe shuleni ajitayarishe kwa chuo kikuu. Wa pili alikuwa mwalimu mkuu wa Grantham, Henry Stokes. Huyu naye alimwendea mama akamwambia kuwa kuizika akili kama ile shambani ni hasara kubwa, tena ni kazi ya bure, kwa maana kijana hatakuwa mkulima kamwe. Na ili mama asitoe udhuru wa fedha, mwalimu akasema ataiacha ile ada ya shilingi 40 iliyolipwa na wana wa nje ya mji, tena atamkaribisha kijana nyumbani kwake mwenyewe. Mama akakubali. Mwaka wa 1660 Isaac akarudi shuleni.

Siku alipomaliza, mwalimu Stokes alimsimamisha mbele ya wanafunzi wote, akamsifu huku machozi yakimtoka, akawaonya wenzake wamfuate. Mwezi wa Juni mwaka wa 1661 Isaac akaingia chuo cha Trinity katika Cambridge. Ingawa mama yake alikuwa na mali, alimpa fedha kidogo tu. Kwa hiyo kijana akaingia katika daraja ya wanafunzi watumishi, waliowahudumia wakubwa ili wapunguziwe malipo.

Mambo yaliyofuata twayapita upesi. Mwaka wa 1665 tauni iliingia Uingereza, chuo kikafungwa, na Newton akarudi Woolsthorpe. Katika shamba lile lile lililomshinda, aliwaza juu ya uvutano, akavumbua namna mpya ya hesabu, tena kwa kioo chenye pembe tatu akachunguza nuru, akaona ya kuwa nuru nyeupe ni rangi nyingi zilizochanganyika. Mwaka wa 1669 akawa profesa wa hesabu. Alitengeneza darubini ya namna mpya kwa mikono yake mwenyewe, mikono iliyokuwa imezoea mbao na nyundo tangu Grantham. Mwaka wa 1687 kikatoka kitabu chake kikuu juu ya mwendo wa vitu na uvutano. Alikiandika kwa Kilatini, ile lugha aliyopewa shuleni, na kwa hiyo wataalamu wa nchi zote za Ulaya wakaweza kukisoma. Baadaye akawa mkuu wa nyumba ya kupigia fedha za serikali, na mwaka wa 1705 Malkia Anne akampa heshima ya kuitwa Sir. Akafa mwezi wa Machi mwaka wa 1727, akazikwa kwa heshima katika kanisa la Westminster, London.

Hatusemi kwamba alikuwa mtu asiye na kasoro. Alikuwa mwenye kinyongo, na mashindano yake na wataalamu wengine yalikuwa makali. Alisoma Biblia sana, lakini kwa siri aliikana imani ya Utatu. Kwa hiyo hatumweki mbele yenu kuwa mwalimu wa imani.

Ila neno moja la mwisho twalipenda. Mwaka wa 1679 mama yake alishikwa na homa kali. Newton, aliyekuwa mtu mkubwa Cambridge, akaacha kazi zake akaenda kwake. Akakesha usiku kucha kando ya kitanda, akampa dawa na kumfunga vidonda kwa mikono yake mwenyewe, mpaka alipokufa. Mtoto aliyeachwa, aliyewahi kumtishia mama yake kwa moto, ndiye aliyemwuguza.

Shule ya Grantham ipo hata leo, nayo ni shule ya wavulana ambao huchaguliwa kwa mtihani wapatapo umri wa miaka 11 hivi. Katika ile nyumba ya zamani huonyeshwa jina la Newton lililochongwa dirishani, na mjini imesimama sanamu yake tangu mwaka wa 1858. Henry Stokes hana sanamu kama hiyo. Lakini tunapomfikiri Newton, twamwona pia mwalimu yule akienda kwa mjane na kumwachia shilingi 40, wala hakujua kijana yule atakuwa nani. Ndugu walimu, katika darasa zetu wamo watoto wasiokuja tena kwa sababu ya mifugo au ya ada. Tusingoje warudi wenyewe. Twende kwao tukaseme na wazazi wao.