Mboya: Aliyekwama kwa karo akawafungulia wenzake mlango

KATIKA vilima vya Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, si ajabu mwanafunzi kufaulu mtihani kisha akazuiwa na karo. Wapo wanaodhani kwamba anayekwama hapo amekosa bidii. Maisha ya hayati Tom Mboya yanaikanusha dhana hiyo.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake, Leonardus Ndiege, alifanya kazi na hatimaye kuwa nyapara. Asili yao ilikuwa Kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Mshahara wa nyapara ulikuwa mdogo, na Mboya hakuwa mtoto pekee aliyehitaji kusomeshwa.

Hata hivyo, mzee huyo alimpeleka shule za misheni ya Kikatoliki: Kabaa huko Ukambani, kisha Yala, na mwaka 1946 Mang'u. Kuhamahama kungeweza kumvuruga mtoto. Mboya alitoka humo akizungumza Kijaluo, Kikamba, Kikuyu na Kiswahili, hazina iliyomfaa baadaye katika siasa.

Mang'u ndiko pesa zilikoisha. Kijana aliyekuwa na akili ya kuendelea hakumudu kusomea cheti cha sekondari. Mwaka 1948 alijiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya katika Shule ya Jeanes, Kabete, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Hakuweka kalamu chini. Aliendelea kujisomea kwa njia ya posta huku akiongoza vyama vya wafanyakazi, hadi alipopata ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza, kati ya 1955 na 1956.

Kwa hivyo bidii yake ilikuwa na nguzo: mzazi aliyelipa hadi mfuko ukatoboka, mafunzo yaliyompa kazi, na wafadhili waliompa nafasi ya pili. Mboya hakusahau.

Wakati huo nafasi za elimu ya juu kwa Waafrika zilikuwa haba mno, nyingi zikiwa Makerere, Uganda. Mwaka 1959 alizuru Marekani kutafuta ufadhili, akiungwa mkono na watu mashuhuri kama vile Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Septemba mwaka huo, ndege iliyobeba wanafunzi 81 ilitua New York. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai, aliyetunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2004. Nyumbani, wazazi na majirani walichanga. Wengine walifika ugenini na pesa kidogo, wakasoma huku wakifanya vibarua.

Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi Julai 5, 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alizikwa Rusinga.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanafunzi wa Magwagwa anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo hahitaji kuhubiriwa bidii aliyo nayo tayari. Anahitaji nafasi ya pili, kama aliyoipata kijana wa Kilima Mbogo, na watu wazima walio tayari kumchangia.