Jefferson: Kura moja iliyoupa utumwa njia ya magharibi

THOMAS Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani, hukumbukwa zaidi kama mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba alikosa kura moja tu kuuzuia utumwa usienee magharibi.

Alizaliwa Aprili 13, 1743, Shadwell, katika koloni la Virginia. Baba yake, Peter Jefferson, mpima ardhi na mwenye mashamba, alifariki mwaka 1757 na kumrithisha ardhi na watumwa. Kijana huyo alisomea sheria, akawa wakili, kisha akaingia katika siasa.

Mwaka 1784, akiwa mjumbe wa Bunge la taifa hilo changa, aliongoza kamati ya kupanga utawala wa ardhi ya magharibi. Rasimu yake ilitaka utumwa upigwe marufuku huko kote, kaskazini na kusini, baada ya mwaka 1800. Wajumbe wenzake wa Virginia waliipinga. Majimbo sita yaliunga mkono kifungu hicho, ilhali yalihitajika saba. Mjumbe mmoja wa New Jersey alikuwa mgonjwa, kura ya jimbo lake haikuhesabiwa, na kifungu kikaanguka.

Kama kingepita na kuheshimiwa, huenda Alabama na Mississippi zisingegeuka nchi ya pamba iliyolimwa kwa jasho la watumwa, na wenye watumwa wangekosa nguvu kubwa bungeni. Hata hivyo, miaka 16 ya kusubiri ingewapa walowezi muda wa kuhamia na watumwa wao na kudai sheria ifutwe.

Mwaka 1787, Jefferson akiwa balozi Paris, Bunge lilipiga marufuku utumwa kaskazini mwa Mto Ohio pekee. Kusini pakabaki wazi.

Alipokuwa Rais, kati ya mwaka 1801 na 1809, alinunua Louisiana kwa dola milioni 15 mwaka 1803, lakini hakusimamia marufuku kama ile aliyoipendekeza awali. Mwaka 1807 alitia saini sheria ya kuzuia kuingiza watumwa kutoka nje. Mwaka 1820, mjadala wa Missouri ulipopamba moto, alikuwa upande wa waliopinga kuwekwa mipaka, akiamini kuwatawanya watumwa kungewapunguzia dhiki.

Katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Alifariki Julai 4, 1826, Monticello, akiwa na madeni makubwa. Wosia wake uliwaachia huru wanaume watano. Januari 1827, watu 130 walitangazwa kuuzwa mnadani.

Utumwa ulikoma nchini humo mwaka 1865, baada ya vita vilivyoua zaidi ya watu 600,000. Marekebisho ya 13 ya Katiba yaliyoufuta yaliandikwa kwa maneno yanayokaribiana na yale ya rasimu yake, miaka 81 baada ya kura ile moja kukosekana.