Baba Askofu Josiah Mutabuzi Kibira (1925–1988)

Baba Askofu Kibira alizaliwa Buhaya mwaka 1925. Uamsho ulimgusa akiwa kijana, na tangu hapo toba na ushirika wa ndugu vikawa msingi wa utumishi wake. Alisoma theolojia Bethel, Ujerumani, kisha Boston, Marekani. Mwaka 1964 alimrithi Bengt Sundkler katika uaskofu huko Bukoba. Katika maandiko yake alichunguza jinsi vifungo vya ukoo vinavyokutana na ushirika wa Kanisa.

Mwaka 1977 Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, uliofanyika Dar es Salaam, ulimchagua kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza. Mkutano huo ulitamka kuwa kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la ukiri wa imani. Alipomaliza kipindi chake mwaka 1984, makanisa mawili ya wazungu yaliyoshindwa kuacha utengano yalisimamishwa uanachama.

Alilala katika Bwana mwaka 1988. Watoto wake katika imani watamheshimu ipasavyo wakiilinda meza moja ya Bwana, isiyouliza rangi wala ukoo.