Honus Wagner na Picha Yake ya Rangi

Wengi wetu hapa shuleni tunaweka picha za wachezaji wa mpira katika masanduku yetu. Kwa hiyo nimeona vema niwaeleze habari za mchezaji mmoja wa Marekani aliyekataza picha yake isitolewe.

Johannes Peter Wagner, aliyeitwa Honus, alizaliwa tarehe 24 Februari, 1874, katika jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa Wajerumani waliohamia huko, na baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Honus aliacha masomo akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akaingia machimboni. Lakini alikuwa hodari sana wa besiboli, yaani mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Mwaka 1897 aliingia katika timu ya Louisville, na tangu 1900 hata 1917 aliichezea Pittsburgh. Mara 8 alikuwa mpigaji wa kwanza katika ligi yake. Mwaka 1909 timu yake iliishinda Detroit, timu ya Ty Cobb, ikatwaa ubingwa.

Mwaka huo huo kampuni ya American Tobacco ilianza kutia picha ndogo za wachezaji katika pakiti za sigara. Picha ya Wagner ilikuwa imepigwa na Carl Horner wa Boston, nayo haikuwa na rangi. Mafundi wa chapa wakaichora upya, wakaitia rangi moja baada ya nyingine: shati la kijivu, na nyuma yake rangi ya machungwa. Watoto walipenda sana kukusanya picha hizo.

Wagner alipoombwa ruhusa, alikataa. Gazeti la Sporting News lilieleza mwaka 1912 kwamba mwandishi mmoja, John Gruber, aliahidiwa dola 10 kama angeipata ruhusa hiyo. Wagner akampelekea hundi ya dola 10 zake mwenyewe ili asipate hasara. Kampuni ikaacha kuichapa picha ile, lakini chache zilikuwa zimekwisha toka. Moja iliuzwa mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 7.

Wengine husema hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili yake. Wengine husema alitaka malipo zaidi. Yeye mwenyewe alitafuna tumbaku, basi hakuwa malaika. Lakini mimi nikiifikiri hundi ile, nasadiki neno la kwanza, kwani mwenye kutafuta fedha hatoi zake.

Mwaka 1936 alikuwa mmoja wa wachezaji 5 wa kwanza waliochaguliwa kuingia katika Jumba la Heshima la Cooperstown. Alifariki tarehe 6 Desemba, 1955.

Siku hizi picha za wachezaji hutumiwa kuuza bia na kamari, nasi wanafunzi ndio tunaozitazama. Basi ndugu zangu, na ninyi wakubwa wetu mliokwisha toka shuleni mkapata sifa, watu wakija kuyaomba majina yenu, ulizeni kwanza yatabandikwa juu ya kitu gani.