Branch Rickey: Mtu wa Majina Mawili

Ukitaka kuijua tabia ya mkuu wa kazi, usimwulize yeye mwenyewe. Waulize wale waliopita mikononi mwake, na wale walioshindana naye. Katika mchezo wa besiboli huko Marekani alikuwako mkuu mmoja ambaye watu hao hawakuafikiana juu yake hata siku alipofariki. Wengine walimwita Mahatma, kwa kumfananisha na Gandhi wa Bara Hindi. Wengine walimwita bahili. Jina lake hasa lilikuwa Branch Rickey.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Mchezaji mmoja hurusha mpira, na wa upande wa pili huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kupita vituo vitatu hata arudi pale alipoanzia. Akifika salama, upande wake hupata pointi moja. Wachezaji hodari hulipwa mshahara, na kila klabu kubwa ina ofisi inayowatafuta, kuwaandikia mikataba na kuwauza kwa klabu nyingine. Rickey alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30.

Alizaliwa tarehe 20 Desemba, 1881, katika jimbo la Ohio, kwa wazazi wakulima walioshika sana dini. Alimwahidi mama yake kwamba hatacheza mpira siku ya Jumapili, na ahadi hiyo aliitimiza. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan, na baadaye alijifunza sheria katika Chuo Kikuu cha Michigan. Uwanjani hakupata sifa. Mwaka 1907, akiwa mdakaji wa timu moja ya New York huku mkono ukimwuma, wapinzani waliiba vituo 13 mbele ya macho yake katika mchezo mmoja.

Lakini alipokuwa kijana anafundisha timu ya chuo chake, alipatwa na jambo ambalo alilisimulia maisha yake yote. Timu ilifika hoteli moja katika mji wa South Bend, na mwenye hoteli akakataa kumpokea mchezaji mmoja, Charles Thomas, kwa sababu alikuwa mweusi. Rickey alishindana naye mpaka Thomas akaruhusiwa kulala chumbani mwake. Usiku ule alimwona kijana yule akilia na kujisugua mikono, kana kwamba weusi wake ungeweza kutoka.

Baada ya miaka kadhaa Rickey alipata kazi katika klabu ya Cardinals ya mji wa St. Louis. Klabu hiyo ilikuwa maskini, haikuweza kununua wachezaji mashuhuri. Basi Rickey akafanya kama mkulima atengenezaye kitalu cha miche. Alizichukua timu ndogo za mijini, moja baada ya moja, akawalea vijana humo, na waliostawi akawapandisha timu kubwa. Wakuu wa klabu nyingine walimcheka. Lakini Cardinals walipotwaa ubingwa mwaka 1926, 1931, 1934 na 1942, wale waliocheka walikuwa wamekwisha kumwiga.

Hata hivyo kitalu hicho kilikuwa na uchungu wake. Kwa sheria za siku zile mchezaji hakuweza kuihama klabu yake bila ya ruhusa yake. Vijana wengi walikaa miaka katika timu ndogo kwa mshahara mdogo, wasipandishwe wala wasiachwe waende zao. Mwaka 1938 msimamizi mkuu wa mchezo, Jaji Landis, aliwafungua wachezaji zaidi ya 70 wa Cardinals. Na waliofika juu nao walinung'unika. Enos Slaughter, mmoja wa hodari wa St. Louis, alikuwa akisema kwa mzaha kwamba Rickey angefungua kasha la benki ili atoe chenji ya senti tano. Mkono mtupu haulambwi, na wachezaji wale hawakuona sababu ya kuulamba.

Mwaka 1942 Rickey alihamia klabu ya Dodgers ya Brooklyn. Wakati huo hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja katika ligi kubwa. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, ila wakuu wote walikuwa wamekubaliana kimya kimya. Tarehe 28 Agosti, 1945, Rickey alimwita ofisini Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyekuwa ofisa wa jeshi. Robinson hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1944 alishtakiwa jeshini baada ya kukataa kwenda kukaa nyuma ya basi, akashinda kesi. Rickey alimtukana kwa makusudi, akiigiza maneno atakayoyasikia viwanjani, kisha akamtaka aahidi kwamba hatajibu tusi wala pigo. Robinson aliahidi. Tarehe 15 Aprili, 1947, aliingia uwanjani na Dodgers. Alizomewa na kutishwa, akavumilia, na mwaka huo huo timu yake ikashinda ligi.

Lakini hata hapa hesabu ya Rickey ina kurasa mbili. Robinson alikuwa akichezea Kansas City Monarchs, timu ya watu weusi, na Rickey hakuilipa hata senti moja. Alidai kwamba timu zile hazikuwa na mikataba ya kweli. Effa Manley, mwanamke aliyeendesha timu ya Newark Eagles, alimlaumu waziwazi, maana mchezaji wake Don Newcombe naye alichukuliwa vivyo hivyo. Mwaka 1947 Bill Veeck wa Cleveland alipomtaka Larry Doby wa timu hiyo hiyo, alilipa.

Rickey aliondoka Brooklyn mwaka 1950 akaenda Pittsburgh. Huko, mwaka 1952, Ralph Kiner alilingana na mwenzake mmoja kwa mapigo makubwa, 37 kila mmoja, na hakuna aliyewapita katika ligi yao. Lakini timu ilishika mkia. Rickey alimpunguzia mshahara, akimweleza kwamba hata bila yeye wangeweza kuwa wa mwisho. Mwaka uliofuata alimpeleka Chicago.

Rickey alifariki tarehe 9 Desemba, 1965, wiki chache baada ya kuanguka akitoa hotuba. Robinson, ambaye alikuwa amekwisha kuacha mchezo tangu mwisho wa msimu wa 1956, alihudhuria mazishi, na siku zote alimtaja kama mtu aliyekuwa kwake mfano wa baba.

Basi ni jina lipi lililokuwa la haki? Yote mawili. Mkono uliomfungulia Robinson mlango ndio ule ule uliobana mishahara ya wenzake. Wasomaji, baadhi yetu kesho tutakuwa wakuu wa ofisi, na wengine watapita mikononi mwetu. Jambo moja kubwa la wema halitawanyamazisha wale tuliowapunja katika madogo. Wala hao hawataweza kulifuta lile jema, ikiwa kweli tulilitenda.