Alan Villiers: Baharia aliyeandika hesabu za majahazi kabla matanga hayajashushwa

DESEMBA 1938, wakati pepo za kaskazi zilipokuwa zimeshika, jahazi kubwa la Kikuwait lililoitwa Bayan lilitweka tanga katika bandari ya Aden na kushika njia ya Afrika Mashariki. Halikuwa na injini. Lilikuwa na uwezo wa kubeba tani 150 hivi, na juu ya shehena yake ya tende na bidhaa nyingine lilipakia baadaye abiria zaidi ya mia moja, wengi wao Wahadhrami waliokuwa wakienda kutafuta maisha Mombasa na Unguja.

Miongoni mwao alikuwamo Mzungu mmoja, Alan Villiers, Mwaustralia mwenye umri wa miaka 35. Hakuwa mtalii wala ofisa wa serikali. Alikuwa baharia kwa kazi na mwandishi kwa kipaji, na wakati huo alikwisha kujenga jina Ulaya na Marekani kwa vitabu vyake kuhusu meli za matanga. Alikuja kwa sababu aliamini kwamba hapa, katika Bahari ya Hindi, ndipo palipobakia biashara ya tanga iliyokuwa bado hai na iliyokuwa ikijilisha yenyewe.

Villiers alizaliwa mjini Melbourne Septemba 23, 1903, mtoto wa dereva wa tramu aliyekuwa pia mshairi. Alikuwa na umri wa miaka 15 tu alipopanda meli yake ya kwanza, Rothesay Bay, na kujifunza kazi ya kupanda milingoti. Baada ya miaka michache aliumia akiwa kazini, akakaa nchi kavu, na katika mji wa Hobart, Tasmania, akapata kazi ya uandishi wa gazeti. Kazi hizo mbili, kalamu na kamba, hakuziacha tena hadi kufa kwake.

Msimu wa 1923 na 1924 alikwenda na meli ya kuwinda nyangumi hadi Bahari ya Ross, kusini kabisa mwa dunia. Lakini roho yake ilikuwa kwenye meli zilizobeba ngano kutoka Australia hadi Ulaya kwa kuzunguka Rasi ya Horn. Wakati huo meli za moshi zilikwisha kunyakua biashara nyingine zote. Ngano ilibaki kwa matanga kwa kuwa haikuwa na haraka, na kwa kuwa meli zenyewe, zilizochakaa, zilinunuliwa kwa bei ya chini.

Katika kazi hiyo alijifunza pia gharama yake. Mwaka 1929 yeye na rafiki yake, mwandishi wa habari Ronald Walker, walipanda meli ya Grace Harwar kwa nia ya kupiga filamu ya maisha ya mabaharia. Walker, kijana wa miaka 22, alifariki katikati ya bahari baada ya kuangukiwa na mti wa tanga akiwa juu ya mlingoti. Villiers aliimaliza filamu peke yake. Ni vyema msomaji akumbuke kisa hicho, maana baadhi ya wanaomsifu humchora kama mtu aliyeota ndoto za bahari bila kuijua ghadhabu yake.

Mwaka 1931 alishirikiana na nahodha Ruben de Cloux, mtu wa visiwa vya Åland huko Finland, kuinunua meli ya Parma yenye milingoti minne. Mwaka 1932 ilikuwa ya kwanza kufika Ulaya na ngano, kwa siku 103. Mwaka uliofuata ilikwenda kwa siku 83. Ushindi huo ulimpatia fedha, na fedha hizo alizitumbukiza katika jambo ambalo mfanyabiashara mwenye akili zake asingelifanya.

Mwaka 1934 alinunua Georg Stage, meli ndogo ya mafunzo iliyojengwa Denmark mwaka 1882 na ambayo ilikuwa karibu kuvunjwa. Aliipa jina jipya, Joseph Conrad, akachukua vijana kuwa wanafunzi, akazunguka nayo dunia nzima hadi Oktoba 1936. Safari ilimalizika salama lakini mfuko wake ulikuwa mtupu, akalazimika kuiuza meli kwa tajiri wa Kimarekani. Joseph Conrad ingali hai. Tangu 1947 iko katika makumbusho ya bahari ya Mystic, Marekani, ambako vizazi vya vijana vimejifunzia kazi ya tanga.

Basi huyo ndiye mtu aliyeshuka Aden mwaka 1938. Kwanza alisafiri na chombo kidogo kilichoitwa Sheikh Mansur hadi Jizan katika Bahari ya Shamu. Kisha, kwa msaada wa matajiri wa Kikuwait wa ukoo wa al-Hamad, akapata nafasi ndani ya Bayan, chombo cha aina ya bumu ambacho wazee wa Mombasa wanakikumbuka kwa omo lake lililochongoka. Nahodha alikuwa Ali bin Nasser al-Najdi, kijana shupavu aliyeheshimiwa sana katika ukanda wote wa Ghuba.

Bayan lilipitia Mukalla na Shihr, likateremka mwambao wa Somalia hadi Mogadishu, likatia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Unguja. Wanawake walikaa chini, katika chumba cha tezi, karibu muda wote wa safari. Wanaume walilala popote palipokuwa na upenyo juu ya sitaha. Jahazi lilipokaribia bandari mabaharia walipiga ngoma na kuimba, na upepo ulipokata waliingia katika mashua na kulivuta kwa makasia.

Villiers aliwahi kufanya kazi na mabaharia hodari wa Ulaya, lakini alistaajabia ustadi wa watu wale. Tanga la jahazi hufungwa katika foromali moja ndefu na nzito. Kuligeuza upande wa pili wa mlingoti katika upepo mkali ni kazi ya hatari inayotaka mikono mingi kwenda kwa pamoja. Al-Najdi alizijua njia zake kwa kuzitazama rasi, nyota na rangi ya maji.

Hata hivyo, sehemu yenye thamani kubwa zaidi ya kazi ya Villiers haimo katika sifa hizo. Imo katika hesabu.

Aliuliza nani anamlipa nani, na aliendelea kuuliza hadi akaelewa. Mabaharia wa Bayan hawakuwa na mshahara. Mwisho wa msimu, baada ya kuondolewa gharama za chakula, mapato yaligawanywa: nusu ilikwenda kwa chombo, na nusu iligawiwa nahodha na mabaharia kwa mafungu, wenye dhamana wakipata zaidi ya fungu moja. Baharia aliruhusiwa kuwa na bidhaa zake kidogo za kuuza bandarini, na mara nyingi sanduku hilo ndilo lililompatia faida halisi.

Lakini kabla ya kuondoka kwao, kila baharia alikwisha kukopa fedha za kuiachia familia. Akirudi, fungu lake lililipa deni, na mara nyingi halikulimaliza. Alikuwa na deni kwa nahodha; nahodha naye alikuwa na deni kwa tajiri aliyemkopesha fedha za kununulia chombo. Mnyororo huo ulifunga kila mtu mahali pake, na katika uzamiaji wa lulu, ambao Villiers aliushuhudia Kuwait majira ya joto ya 1939, ulibana zaidi. Aliyaeleza hayo bila kuyafunika, ingawa aliwapenda wenyeji wake.

Hesabu ya pili ilihusu miti. Baada ya kuwateremsha abiria na kuuza bidhaa Unguja, Bayan lilikwenda kwenye mdomo wa mto Rufiji, mahali paitwapo Salale, kuchukua boriti za mikoko. Huko lilikaa kwa majuma kadhaa katika matope, mbu na homa ya malaria. Nchi za Ghuba hazina miti ya kuezekea nyumba, na kwa karne nyingi dari za huko zilibebwa na boriti za Rufiji na Lamu. Upana wa chumba ulikuwa urefu wa boriti. Bila shehena hiyo ya kurudia, safari ya kuja na tende isingelipa. Pepo za kusi zilipoanza, jahazi likarejea kaskazini kupitia Maskati na Bahrain, na Juni 1939 likafika Kuwait.

Hapa inafaa kusema lile ambalo Villiers hakulifanya. Aliutazama mwambao wetu akiwa juu ya sitaha ya Wakuwait. Wakataji wa mikoko wa Rufiji na wapagazi wa Mombasa wanapita katika maandishi yake kama watu wanaoonekana kwa mbali. Mafundi wa Kiswahili waliochonga majahazi ya Lamu, waliokalafati mbao kwa pamba na kuzipaka sifa, mafuta yale ya papa, hawakupata kwake nafasi waliyopewa wenzao wa Ghuba. Anayetaka kujua habari zao hana budi kuwauliza wazee wa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu ambacho hadi leo kinajulikana kwa kuunda vyombo.

Kitabu cha safari hiyo, Sons of Sinbad, kilitoka mwaka 1940, wakati dunia ilikuwa vitani. Villiers mwenyewe aliingia jeshi la majini la Uingereza, akaongoza vyombo vya kuteremshia askari ufukweni Sicily na Normandy, akatunukiwa nishani. Vita vilipokwisha alihamia Oxford na kuendelea kuandika.

Biashara aliyoiona haikudumu. Wengi hudhani kwamba meli za moshi ndizo zilizoiua, lakini meli hizo zilikuwapo kwa miaka mingi na Bayan bado lilipata mzigo. Kilichobadilisha mambo ni mafuta. Yaligunduliwa Kuwait mwaka huohuo wa 1938, na shehena ya kwanza ikauzwa nje mwaka 1946. Baharia aliyekuwa akikaa baharini miezi tisa ili apunguze deni alipata kazi ya mshahara nyumbani kwao. Nyumba zilianza kujengwa kwa saruji na chuma, na boriti zikakosa mnunuzi. Katika muda wa miaka kumi na kitu, majahazi makubwa ya Kuwait yalikuwa yametoweka katika bandari zetu. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yalipunguza zaidi safari za vyombo vya Arabuni.

Villiers alihuzunika. Lakini ni vigumu kuwalaumu wale walioshuka. Yeye aliingia chomboni kwa hiari yake na kuondoka na kitabu. Wao waliingia na deni na kuondoka nalo.

Katika miaka hiyo alizidi kujulikana kwa kazi ya kufufua vyombo. Mwaka 1957 aliongoza Mayflower II, meli ya mbao iliyojengwa Brixham, Uingereza, kwa mfano wa ile iliyowapeleka wahamiaji wa Kiingereza Amerika mwaka 1620. Ilivuka Atlantiki kwa tanga kuanzia Aprili hadi Juni. Miezi mitatu baadaye Pamir, mojawapo ya meli za mwisho za matanga zilizobeba shehena baharini, ilizama katika kimbunga ikiwa na watu 86, na sita tu wakaokoka. Mwaka mmoja ulikuwa na sherehe ya meli ya maonyesho na maziko ya meli ya biashara.

Tofauti hiyo ndiyo inayowakabili hadi leo wanaotaka kurudisha tanga. Kuunda upya chombo kunawezekana. Oman iliinunua kutoka Yemen mwaka 1993 Fatah al-Khair, jahazi lililojengwa Sur mwaka 1951, ikalikarabati na kuliweka nchi kavu mjini humo. Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki chakavu lililozinduliwa 2018 na kwenda kwa tanga hadi Zanzibar mwaka 2019. Ulaya, kampuni moja ya Kifaransa ilianza mwaka 2024 kuvusha shehena Atlantiki kwa meli mpya ya matanga iitwayo Anemos, ikitoza zaidi wateja wanaojali hali ya hewa. Lakini mzigo wa kwenda na wa kurudi, fedha za kumlipa baharia pasipo kumfunga kwa deni, na mbao za kuundia pasipo kumaliza msitu, hayo ni maswali yaleyale yaliyomo katika hesabu za Bayan.

Nahodha al-Najdi alifia baharini mwaka 1979, dhoruba ilipomkuta akivua samaki na rafiki zake. Villiers alifariki Oxford Machi 3, 1982. Mwaka huohuo Kenya ilipiga marufuku kuuza nje boriti za mikoko, kwa kuwa misitu ilikuwa imekatwa kupita kiasi. Picha alizopiga katika safari ile zimehifadhiwa katika makumbusho ya bahari ya Greenwich, na mwaka 2006 nyingi zilichapishwa kitabuni: foromali ikipandishwa, abiria wamejazana sitahani, na boriti za Rufiji zikipakiwa.