Jordan, Mfaransa aliyeonyesha pa kuukata mti

CAMILLE Jordan, mwanahisabati aliyefariki jijini Paris mnamo Januari 1922, hakuwa na uhusiano wowote na Kisii wala Nyamira. Hata hivyo, fikra yake moja inagusa suala zito kwa wakazi wa kaunti hizo: mipaka ya maeneobunge.

Alizaliwa Lyon, Ufaransa, Januari 5, 1838. Babake alikuwa mhandisi, naye mchoraji mashuhuri Puvis de Chavannes alikuwa mjombake. Mwaka wa 1855, akiwa na miaka 17, alijiunga na chuo cha École Polytechnique, akiongoza katika mtihani wa kuingia. Alihitimu kuwa mhandisi wa migodi, na kwa miaka mingi hisabati ilikuwa kazi yake ya pembeni. (Wanafunzi wasimchanganye na Wilhelm Jordan, Mjerumani ambaye jina lake huandamana na la Gauss.)

Mwaka wa 1869 alichapisha makala katika jarida moja la Berlin kuhusu miti, yaani vituo vilivyounganishwa kwa nyuzi bila uzi wowote kuzunguka na kurejea ulikotoka. Alithibitisha kwamba kila mti una kituo kimoja au viwili ambavyo, ukikiondoa kimojawapo, hakuna kipande kitakachosalia chenye zaidi ya nusu ya vituo vyote. Kukipata si kazi ngumu: hesabu kuanzia ncha za matawi, kisha fuata upande mzito hadi usiwepo tena unaozidi nusu.

Wataalamu wa Marekani sasa hutumia hesabu ya jamii hiyo kupima ramani za uchaguzi. Maeneo mawili jirani huunganishwa, wadi zake zikafungwa kwa mti uliochorwa kwa bahati nasibu, kisha hutafutwa uzi ambao ukikatwa, idadi ya watu itakaribiana pande zote mbili. Usipopatikana, huchorwa mti mwingine.

Kisii ina maeneobunge tisa na Nyamira manne. Kwa sensa ya 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, wastani wa takriban 140,800 kwa kila eneobunge. Nyamira ilikuwa na 605,576, wastani wa takriban 151,400. Kifungu cha 89 cha Katiba huruhusu tofauti ya asilimia 30 kutoka wastani wa kitaifa, au 40 kwa miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache. Muda wa kuipitia upya mipaka hiyo uliisha Machi 2024 kabla ya kazi kufanyika.

Lakini Katiba hutaka pia historia na maslahi ya jamii yazingatiwe, na hapo ndipo uzi hukatika vibaya. Kitutu tayari imegawanywa mara tatu: Kitutu Chache Kaskazini na Kusini ziko Kisii, Kitutu Masaba iko Nyamira. Mti wa Jordan huhesabu vichwa. Haujui ukoo wa mtu.

Jordan mwenyewe alisifika zaidi kwa kitabu chake cha 1870 kuhusu nadharia ya makundi. Alifundisha École Polytechnique kuanzia 1876 na Collège de France kuanzia 1883. Vita Vikuu vya Kwanza viliwaua watatu kati ya wanawe sita wa kiume. Mzee huyo aliendelea kuhariri jarida la hisabati alilolisimamia tangu 1885 hadi karibu na kifo chake, akiwa na umri wa miaka 84.